Mpira wa Dayalisisi Ukigoma: Kazi ya Hospitali na Kazi Yetu

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia na wahudumu wa afya wa vijijini



Tumezoea kukutana hapa tukizungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo ya zamu. Somo la leo ni geni kidogo, lakini mmeliomba nyinyi wenyewe. Vikundi kadhaa tunavyovitembelea sasa vina mwanachama, au mume wa mwanachama, au kijana wa mwanachama, ambaye figo zake zimeshindwa kazi na anakwenda hospitali mara mbili au tatu kila wiki kusafishwa damu. Wengine walianza na ugonjwa wa sukari, wengine na shinikizo la damu lililokaa miaka bila kupimwa.

Zamani mgonjwa wa namna hiyo alilazimika kwenda Nairobi au mji mwingine mkubwa, na wengi walikata tamaa kabla ya kufika. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, na mashine za dayalisisi zikafika katika hospitali nyingi za kaunti. Mashine imesogea karibu. Hiyo ni hatua kubwa.

Lakini mashine bila njia ya damu haifanyi kitu. Damu lazima itoke mwilini, ipite kwenye mashine, irudi. Kwa wengi wetu njia hiyo ni mpira wa shingoni au kifuani, ambao hospitalini huitwa katheta. Leo tunataka kujiuliza: mpira huo ukianza kugoma, hospitali hufanya nini, na sisi nyumbani na kikundini tufanye nini?

Jambo tunalotaka mwondoke nalo ni hili: mpira unaopitisha damu kwa shida mara nyingi unaweza kutibiwa, lakini unatibiwa hospitalini, na unatibiwa vizuri ukitajwa mapema. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

MPIRA HUU NI NINI?

Katheta ni mrija laini wenye njia mbili ndani yake. Nje utaona ncha mbili, moja ina alama nyekundu na nyingine ya buluu. Nyekundu huvuta damu kuipeleka kwenye mashine. Buluu hurudisha damu iliyosafishwa. Kila ncha ina kibanio na kifuniko chake. Mwisho wa mpira ulio ndani ya mwili umefika katika mshipa mkubwa karibu na moyo, au ndani ya chumba cha juu cha moyo upande wa kulia. Kwa hiyo si mpira wa kuchezea. Anayeushika anashika mlango wa moyo.

Iko aina ya muda mfupi, inayoingizwa moja kwa moja shingoni au kwenye kinena. Ushauri wa madaktari wa figo ni kwamba ule wa shingoni usipitishe wiki 2 hivi, na ule wa kinena ukae muda mfupi zaidi. Halafu iko aina ya kukaa, ambayo hupitishwa chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia kwenye mshipa wa shingo. Hii ina kipete cha kitambaa chini ya ngozi. Nyama ya mwili hukishika kipete hicho polepole katika wiki za kwanza, na hicho ndicho husaidia mpira usichomoke na wadudu wasipite kwa urahisi.

Tunataja tofauti hii kwa sababu wako wenzetu wanaokaa na mpira wa muda mfupi miezi mingi, wakingojea pesa au wakingojea kuitwa. Ukiwa na mpira, uliza siku ya kwanza: huu wangu ni wa muda mfupi au wa kukaa? Na mpango wa baada ya huu ni upi?

SAA NNE ZA KITI SI SAA NNE ZA KUSAFISHWA

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mgonjwa anakwenda, anakaa kitini saa nne, anarudi. Nyumbani wanasema, "Ameshasafishwa." Lakini je, ni damu kiasi gani iliyopita?

Tuhesabu kwa chupa za soda. Chupa ya kawaida ya soda ni mililita 300. Mpira unaofanya kazi vizuri unapaswa kupitisha angalau kiasi kama hicho kila dakika, na mara nyingi zaidi. Saa nne ni dakika 240. Basi ni chupa 240 za damu. Kreti moja ina chupa 24, kwa hiyo tunapata kreti 10. Mwili wa mtu mzima una damu lita 5 hivi tu, kwa hiyo damu ile ile huzunguka kwenye mashine mara kumi na zaidi. Hivyo ndivyo sumu hutolewa.

Sasa mpira ukigoma, mwendo unashuka hadi mililita 150 kwa dakika. Mgonjwa amekaa saa zile zile nne, nauli ni ile ile, uchovu ni ule ule. Lakini zimepita kreti 5 tu. Hatusemi kila aina ya sumu inapungua nusu kwa nusu sawasawa, lakini hesabu inatuonyesha hasara ilivyo. Hii ikirudiwa wiki baada ya wiki, uchafu hubaki mwilini. Mtu anakosa hamu ya kula, anatapika, anawashwa ngozi. Mashine inapolia mara kwa mara na kusimama, hata maji hayatolewi ya kutosha, basi miguu inavimba na usiku anashindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi. Madini ya potasi yanaweza kupanda katika damu na kuusimamisha moyo bila onyo.

Watu hudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni njia ya damu iliyoziba.

KWA NINI MPIRA UNAGOMA?

Wale mnaomwagilia mboga kwa pampu mtaelewa haraka. Pampu ikikosa maji, hukimbilii kununua pampu mpya. Kwanza unatazama bomba lililo mtoni. Limekunjika? Mdomo wake umekwama kwenye ukingo? Umeingia matope? Mpira wa dayalisisi ni hivyo hivyo.

Ukigoma katika siku za kwanza baada ya kuwekwa, mara nyingi umekunjika mahali, au mshono umeubana, au ncha yake haikukaa mahali panapofaa, imegusa ukuta wa mshipa.

Ukigoma baada ya wiki au miezi ya kufanya kazi vizuri, sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni damu kuganda ndani ya mpira au kwenye ncha yake. Ya pili ni utando. Mwili unaona mpira kama mgeni, unauvika utando mwembamba kama soksi. Soksi hiyo ikifunika ncha, hutokea jambo la kushangaza: muuguzi akisukuma maji yanaingia, lakini akivuta damu haiji. Ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Ndiyo maana mgonjwa akiambiwa "inasukuma lakini haivuti", asifikiri anadanganywa.

Pia damu inaweza kuvutika kwa shida kwa sababu mgonjwa amepungukiwa maji, pengine ameharisha au kutapika, au shinikizo lake limeshuka sana. Hilo ni la kumwambia muuguzi kabla hajaanza.

HOSPITALI HUFANYA NINI?

Tunaeleza hatua hizi si ili mkazifanye, bali ili mjue kinachoendelea na muweze kuuliza bila woga.

Kwanza, mambo mepesi. Muuguzi anatazama vibanio, anatazama kama mpira umekunjika. Anamwambia mgonjwa ageuke, aketi au alale zaidi, akohoe, asogeze mkono au shingo. Wakati mwingine hayo tu yanatosha, ncha inajitenga na ukuta wa mshipa.

Pili, kuvuta na kusukuma. Kati ya siku moja ya dayalisisi na nyingine, mpira hufungwa ukiwa umejazwa dawa ya kuzuia damu isigande, mara nyingi heparini. Muuguzi huivuta kwanza dawa hiyo na kuitupa, kisha husukuma maji safi ya chumvi ya hospitali kwa bomba la sindano, akiwa amevaa glavu na barakoa.

Tatu, kubadilisha mistari. Muuguzi anaweza kuvutia damu upande wa buluu na kuirudishia upande wa nyekundu. Hii husaidia kumaliza siku ile. Lakini ni kama mtu anayeteka maji pale pale alipoyamwaga: sehemu ya damu iliyokwisha kusafishwa huvutwa tena, na ile chafu inaendelea kungoja. Kwa hiyo mistari ikibadilishwa leo, na wiki ijayo, na wiki ile nyingine, mjue tatizo halijatibiwa. Uliza: hatua inayofuata ni ipi?

Nne, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Inayojulikana sana ni alteplasi. Huwekwa kidogo tu, kwa kawaida miligramu 2 katika kila njia ya mpira, ikaachwa humo nusu saa hadi saa mbili, kisha ikavutwa na mpira ukajaribiwa. Mara nyingi damu huanza kupita tena. Mwaka 2011 madaktari wa Kanada walichapisha utafiti wao juu ya wagonjwa 225. Wote walikuwa wakisafishwa mara tatu kwa wiki. Nusu walifungiwa mpira kwa heparini kila mara. Nusu nyingine walipewa alteplasi mara moja kwa wiki na heparini mara mbili. Katika miezi 6, mipira iligoma kwa wagonjwa 35 hivi katika kila 100 wa heparini peke yake, na 20 katika kila 100 wa kundi la pili. Maambukizo ya damu pia yalipungua. Kwa hiyo dawa inafanya kazi. Shida ni bei, na si kila kituo kinaiweka. Na kwa sababu inayeyusha damu iliyoganda, mgonjwa lazima amwambie muuguzi kama ametoka kufanyiwa upasuaji, ameanguka na kuumia kichwa, au anatokwa damu mahali popote.

Tano, kubadilisha mpira. Dawa ikishindwa, hupigwa eksirei kuona ncha iko wapi. Halafu daktari anaweza kutoa mpira wa zamani na kuingiza mpya katika njia ile ile, akitumia waya mwembamba kama kiongozi. Kama ni utando, mahali penye vifaa wanaweza kuupasua kwa puto dogo kabla ya kuweka mpira mpya. Kutumia njia ile ile kuna faida kubwa, kwa sababu mishipa mikubwa ya shingo ni michache. Kila mshipa mpya unaotobolewa unaweza kupata kovu na kuziba kabisa. Mtu mwenye umri wa miaka 30 anaihitaji mishipa hiyo kwa miaka mingi ijayo.

Mnaona basi kuna ngazi. Mgonjwa anayesema mapema hupanda ngazi kutoka chini, kwenye mambo mepesi na ya bei nafuu. Anayenyamaza hufika akiwa amevimba, hapumui, na hapo hakuna wakati wa kujaribu dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

BABA MMOJA NA DAFTARI LAKE

Tulimtembelea baba mmoja, fundi wa viti, ambaye kikundi cha mke wake kilikuwa kinamchangia nauli. Wiki tatu mfululizo mashine ilikuwa inalia na mistari inabadilishwa. Hakumwambia mtu nyumbani. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Hawa akina mama wametoa nauli tangu mwezi wa pili. Nitawaambiaje tena kwamba mpira umeharibika?" Alikuwa anaona aibu, siyo uzembe.

Mkewe alikuwa ameanza kuandika katika daftari la shule uzito wake wa kwenda na kurudi. Tukamwomba aongeze namba moja: ule mwendo wa damu unaoonekana kwenye mashine. Baada ya ziara nne namba zilionyesha 280, 240, 200, 180. Siku iliyofuata mama alikwenda na daftari, akamwonyesha daktari. Haikuhitaji maneno mengi. Alipewa dawa ya kuyeyusha, mwendo ukapanda, uvimbe wa miguu ukaanza kupungua. Hatutawadanganya kwamba ilikuwa mwisho wa habari. Baada ya wiki kadhaa mpira uligoma tena, ukabadilishwa. Lakini safari hii mabadiliko yalipangwa, hayakuwa ya kukimbizana usiku, na katika muda huo aliandikiwa kwenda kuonwa na daktari wa upasuaji wa mishipa. Daftari la shilingi chache lilifanya kazi hiyo.

YALE TUSIYOYAFANYA NYUMBANI

Sasa tuseme wazi, maana mapenzi bila maarifa huua.

Usifungue kifuniko wala kibanio cha mpira nyumbani, hata kama unaona damu nyeusi ndani yake. Hewa ikiingia inakwenda moja kwa moja moyoni na mapafuni.

Usisukume kitu ndani. Ati jirani amesema maji ya uvuguvugu yatazibua! Ukisukuma, unaweza kuipeleka damu iliyoganda mapafuni, na ile heparini iliyofungiwa humo ikaingia mwilini kwa wingi. Na vijidudu juu yake.

Usipake mafuta, majivu, unga wa dawa wala majani mahali mpira unapotokea. Bandeji ikilowa au ikibanduka, funika kwa shashi safi kavu na upige simu kitengo cha dayalisisi.

Usikubali mpira huo utumike kwa kazi nyingine. Ukienda zahanati kwa malaria, mwambie mhudumu kwa heshima: "Huu ni wa dayalisisi peke yake. Usitolee damu hapa, usiwekee maji hapa."

Usiulowe. Oga kwa kitambaa, kuanzia kiunoni kwenda chini mwaga maji utakavyo.

Akina mama, mtungi wa maji au mzigo wa kuni wenye kamba ya kichwani huvuta shingo na kifua. Mwenye mpira asibebe. Mtoto mdogo abebwe upande usio na mpira, kwa sababu mkono wa mtoto hupenda kuvuta. Vaa blauzi ya vifungo mbele ili muuguzi asihangaike. Mikufu, kamba ya mkoba na mkanda wa sidiria visipite juu ya mpira. Mkasi na wembe viwe mbali na shingo, hata wakati wa kunyoa ndevu.

Ukiwa juu ya bodaboda, funika kwa leso safi juu ya bandeji. Vumbi letu mnalijua.

DALILI ZA KWENDA MARA MOJA

Usingoje siku yako ya dayalisisi ukiona haya:

1. Homa au kutetemeka kwa baridi, hasa wakati wa kusafishwa au baada yake. Mpira unaogoma na mpira wenye maambukizo mara nyingi huandamana, na maambukizo ya damu huua kwa siku chache.

2. Usaha, wekundu, maumivu au kuvuja damu mahali mpira unapotokea.

3. Uso, shingo au mkono kuvimba upande wa mpira. Huenda mshipa mkubwa unaziba.

4. Mpira umerefuka nje, au kile kipete cha kitambaa kimeonekana.

5. Kushindwa kupumua, udhaifu mkubwa wa misuli, au moyo kwenda ovyo.

Mpira ukichomoka wote, mlaze mgonjwa, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi pale ulipotokea na pia pale ulipoingilia shingoni, usiachilie kutazama, na mwende hospitali. Kifuniko kikifunguka au mpira ukipasuka, bana mpira mara moja kati ya mpasuko na mwili, mlaze kwa ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini kidogo, na mwende hapo hapo.

DAWA KUBWA NI KUUACHA MPIRA

Matibabu yote tuliyoyataja ni ya kuvuka mto. Hayajengi daraja. Daraja ni fistula.

Tafadhali msishtuke na jina. Hapa kwetu tukisikia fistula tunafikiria mama aliyeumia wakati wa kujifungua. Hii siyo ile. Fistula ya dayalisisi ni upasuaji mdogo wa mkononi, ambapo daktari huunganisha ateri na vena. Vena hupokea damu yenye nguvu, inapanuka, kuta zake zinakuwa nene, na baadaye sindano mbili huchomwa humo kila siku ya dayalisisi. Madaktari wa New York, akina Brescia na Cimino, waliieleza mara ya kwanza mwaka 1966, na mpaka leo wengi wanaofaa kuwekewa hufanya vizuri nayo kuliko na mpira. Hakuna kitu cha nje kinachoning'inia, maambukizo ni machache, na damu hupita kwa nguvu.

Lakini fistula haiwi tayari kesho. Inahitaji wiki 6 hadi miezi 3, na kwa wengine zaidi. Nyingine hazikomai, ikabidi kujaribu tena mahali pengine. Ndiyo maana lazima iombwe mapema, wakati mpira bado unafanya kazi.

Na mkono wake utunzwe tangu sasa. Chagueni na daktari mkono gani, kwa kawaida ni ule usiotumika sana. Mkono huo usipimwe shinikizo, usitolewe damu, usiwekewe maji, usilaliwe. Fistula ikishawekwa, kila asubuhi gusa pale: utasikia mtetemo kama wa paka anayekoroma. Siku usipousikia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

KAZI YA KIKUNDI

Tumalizie na yetu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwanza, daftari. Kila mgonjwa awe na daftari, na mwanakikundi mmoja anayejua kusoma amsaidie. Andikeni tarehe, uzito kabla na baada, saa alizokaa, mwendo wa damu, mashine ililia mara ngapi, mistari ilibadilishwa au la. Mwendo ukishuka ziara mbili mfululizo, msingoje ya tatu.

Pili, swali la kuuliza siku ambayo kipindi kilikatizwa: "Je, nirudi kesho?" Na mpaka arudi, awe mkali zaidi kwa maji, chumvi, ndizi, parachichi na viazi, kama alivyofundishwa na wa lishe.

Tatu, bima. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni mgonjwa na familia wamesajiliwa na mchango haujakatika, kwa sababu ukikatika, kiti hakikungoji. Halafu ulizeni ofisi ya hospitali mapema: kubadilisha mpira kunalipiwa? Dawa ya kuyeyusha je? Upasuaji wa fistula je? Jibu lolote mtakalopewa, liandikeni. Likiwa ni la kutoka mfukoni, kikundi kina muda wa kupanga.

Nne, mfuko mdogo. Vikundi vingi vina mfuko wa mazishi. Hatusemi muufute. Tunasema muweke na mfuko wa nauli na mpira, hata kama kila mtu ataweka kidogo kila mkutano. Ni vigumu kueleza kwa nini kikundi kinaweza kununua jeneza siku mbili baada ya mtu kufa, lakini hakikuweza kumpeleka kuonwa siku mbili kabla.

Tano, mwondoeni mgonjwa aibu. Msingoje aombe. Mtu aliyepewa nauli mara ishirini huona vigumu kuomba ya ishirini na moja. Mwulizeni nyinyi kila wiki, kwa sauti ya kawaida kama mnavyouliza habari za shamba: "Mpira unapitisha vizuri?"

Na sita, kila mkutano mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apimwe shinikizo na sukari pale kifaa kinapopatikana. Mpira mzuri kuliko yote ni ule ambao jirani yako hakuuhitaji kamwe.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, katika kikundi chetu yuko mtu anayesafishwa damu? Mara ya mwisho tulimuuliza lini juu ya mpira wake?

2. Ni ushauri gani wa hatari kuhusu mpira umewahi kusikika kijijini kwetu? Tutawasahihishaje wenzetu bila kuwaaibisha?

3. Mgonjwa wetu anajua kama mpira wake ni wa muda mfupi au wa kukaa? Ameandikiwa kuonwa kwa ajili ya fistula?

4. Mpira ukigoma usiku wa leo, nani ana gari au pikipiki, nani ana namba ya simu ya kitengo, na pesa itatoka wapi?

5. Nani ataanza daftari, na ataanza siku gani?

Swali la tano msiondoke kabla ya kulijibu kwa jina na tarehe.